Karatasi ya Dakika Kumi

"Hivi jirani, ile karatasi ya bajeti ya shule huwa mnaibandika wapi? Mbinguni?"

Aliyeuliza alikuwa fundi cherehani, jirani wa ukuta mmoja, futi ya kupimia shingoni kama kawaida yake. Aliyeulizwa alikuwa anaanika shuka. Akaendelea kuanika. Akaivuta shuka huku, akaivuta kule, akatafuta kibanio ambacho kilikuwa mkononi mwake, halafu akasema, "Inabandikwa, shoga. Inabandikwa kila mwaka."

"Basi macho yangu yana ukungu," fundi akasema, "maana mwanangu yuko darasa la nne na hiyo karatasi sijawahi kuiona hata kivuli chake."

Wakacheka wote wawili, lakini kicheko cha mwenye shuka kilikuwa cha meno tu, hakikushuka tumboni.

Mjini huyu mwenye shuka walimwita Mama Funguo. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, na mdomoni mwa mume wake siku akikasirika. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mhudumu wa ofisi ya mji. Yeye ndiye aliyefungua asubuhi, akafagia, akapika chai, akachukua mafaili kutoka chumba hiki kupeleka kile, na jioni akafunga. Kiunoni alining'iniza funguo kumi na saba, na akitembea zinalia, hata watumishi waliosinzia walikuwa wameshafungua mafaili kabla hajafika mlangoni. Mungu alimjalia miguu mizuri ujanani. Sasa magoti yalikuwa yanamsimulia kila ngazi aliyowahi kuipanda. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu, na aliihesabu kama mjamzito anavyohesabu yake.

Ufunguo mmoja kati ya hizo kumi na saba ulikuwa wa ubao wa matangazo. Ubao wenyewe ulikuwa kwenye kibaraza cha ofisi, unatazama barabara, una mlango wa wavu na kufuli dogo lililoanza kushika kutu. Sheria ilisema bajeti ya shule ya msingi ya mji ikae hapo siku kumi na nne kabla ya kupitishwa, ili mzazi yeyote aisome, na mwenye neno aseme. Sheria nzuri. Aliyeitunga, Mungu ambariki, alikuwa na watoto.

Sasa sikiliza ilivyokuwa ikitekelezwa.

Kila mwaka, Ijumaa, saa kumi na nusu jioni, watu wameshaondoka na wengine wamebakiza mguu mmoja ndani, karani mkuu alitoka chumbani kwake na karatasi mkononi. Alikuwa mtu wa tabasamu, shati limenyooka, sauti ya chini. Hakuwahi kumfokea Mama Funguo hata siku moja.

"Mama, tubandike hii mara moja."

Anabandika. Karani anatoa simu.

"Simama pembeni uonekane vizuri. Cheka kidogo mama, huu si msiba."

Anacheka. Karani anapiga picha mbili, anazitazama, anaridhika.

"Haya, asante. Sasa shusha."

Dakika kumi. Kama karani ameanza kupiga soga, kumi na mbili.

Lakini kwenye huko kushusha ndiko kulikokuwa na jambo ambalo karani hakulijua. Pini za ubao zilikwisha stoo zamani, zama za karani aliyepita. Mama Funguo alijaza fomu ya kuomba pini mara tatu, na mara tatu fomu ikarudi imeandikwa kwamba fedha hazipo. Basi akawa anapika gundi nyumbani kwake, vijiko vitatu vya unga wa ngano, maji kikombe, moto mdogo, koroga mpaka ing'ae. Gundi hiyo ikishika imeshika. Mwaka wa kwanza alipoambiwa ashushe, alivuta karatasi ikachanika pembeni, ikaacha manyoya manyoya ubaoni kama ndevu za mbuzi. Naye alikuwa mtu asiyeweza kuacha doa hata kwenye sakafu isiyokuwa yake. Akatazama huku na huku, akachukua tangazo la mapipa ya taka lililokuwa linasubiri kubandikwa, akalipaka gundi, akalilaza juu ya ile bajeti. Ubao ukawa safi. Karani akapita, hakuona bajeti, akasema, "Umefanya vizuri."

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi. Karani alisema shusha, yeye akafunika. Hakudanganya, kwa maana hakuulizwa. Na hakusoma. Darasa la saba alimaliza na kusoma anajua, lakini alijiambia yeye ni wa kubandika, kusoma ni kwa wenye watoto shuleni.

Ndipo Mungu akamletea mtoto wa shule. Binti yake alipata kazi mji wa mbali, akamwachia mjukuu wa miaka tisa, msichana mwenye maswali mengi na miguu isiyotulia. Akaanzishwa darasa la nne. Muhula haujafika katikati, bibi akaona kikombe cha maji cha asubuhi hakiguswi.

"Kunywa maji, mama."

"Sitaki, bibi."

"Yana nini?"

"Hayana kitu. Nikinywa nitataka kwenda chooni."

"Si uende. Choo kinakula watu?"

"Matundu mawili, bibi, na moja halina mlango. Wasichana tuko mia mbili na kitu. Foleni ikifika kwangu, kengele imeshalia. Na mwalimu anasema, ulikuwa wapi wakati wa mapumziko?"

"Unabana mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nyumbani," mtoto akasema, kama mtu anayetaja kitu cha kawaida. "Sisi wote tunabana."

Wiki mbili baadaye akaanza kulia akienda haja ndogo, na homa juu. Muuguzi wa zahanati akaandika dawa, akamtazama bibi juu ya miwani. "Huyu anabana mkojo na hanywi maji. Dawa nitampa, lakini dawa yangu haijengi choo."

Mwezi huohuo wazazi wakaitwa mkutano. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, na mwalimu mkuu akasema kwa sauti ya kuomba radhi kwamba kila mzazi atachangia ujenzi wa choo cha wasichana. Watu wakaanza kuhesabu kichwani. Halafu fundi cherehani akasimama, futi shingoni.

"Mimi nauliza tu, sijasoma sana. Mwaka juzi tuliambiwa vyoo vimo kwenye bajeti. Mwaka jana vimo. Sasa vimekwenda wapi? Vina miguu?"

Watu wakacheka. Baba mmoja nyuma akadakia, "Vimebanwa na mkojo, vimekimbia!"

Karani mkuu, aliyealikwa kutoka ofisi ya mji, hakukasirika. Akainuka, akanyoosha shati. Bajeti, alisema, hubandikwa hadharani kila mwaka siku kumi na nne kama sheria inavyotaka. Mwenye shaka angekwenda kuisoma na kupinga. Hakuna aliyepinga. Akatoa simu, akapitisha picha kwa walioketi mbele. "Na shahidi mwenyewe huyu hapa. Mama Funguo, si wewe uliyebandika?"

Mama Funguo alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai ya wageni. Macho yote yakamgeukia.

"Nilibandika," akasema.

Neno la kweli. Na nyuma ya neno hilo la kweli uongo ukapita kichwa juu, kama mwizi anayeingia harusini nyuma ya mwenye kadi. Fundi alimtazama kwa muda, halafu akaketi. Siku tatu hakumsalimia ukutani.

Lakini wazazi wale hawakukaa kimya. Waliandika barua makao makuu, saini arobaini na moja, na jibu likaja kwamba mkaguzi atafika. Ndipo karani akamwita Mama Funguo chumbani kwake, akamvutia kiti. Miaka ishirini na sita kiti kile alikifuta vumbi, hakuwahi kukikalia. Kilikuwa laini kuliko alivyodhani, na hilo halikumpendeza.

"Mama, hii ni karatasi ndogo tu." Akaisukuma mezani. Ilisema kwamba yeye, mhudumu wa ofisi, anathibitisha kuwa bajeti ya shule ilikaa ubaoni siku kumi na nne mfululizo. Chini palikuwa na mstari mtupu.

"Bwana, zilikuwa siku kumi na nne?"

Karani akatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limechoka. "Mama yangu, ukimchunguza sana bata, humli. Umebakiza mwaka na miezi miwili. Uende nyumbani na heshima yako, upate mafao yako. Mzee wako alipoanguka bafuni, gari gani lilimpeleka hospitali?"

"La ofisi."

"Nani aliyelitoa?"

"Wewe, bwana. Na nilikuombea, na bado nakuombea."

"Basi."

Ilikuwa kweli tupu. Siku ile karani aliacha kikao, akaendesha mwenyewe. Mtu akikutendea ubaya mtupu, kumkatalia ni rahisi. Kazi iko kwa huyu aliyekutendea mema.

"Naomba niende nayo nyumbani nikaisome," akasema. "Miwani nimeisahau."

Mungu amsamehe, miwani ilikuwa mfukoni.

Nyumbani mume wake alikuwa kibarazani, mguu mbovu umenyooshwa juu ya ndoo. Alikuwa fundi bomba miaka thelathini, na mambo yote ya dunia aliyapima kwa bomba. Akaisoma karatasi, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akairudisha.

"Saini. Kalamu haina uzito."

"Ingekuwa haina uzito, mzee, wangejibebea wenyewe."

"Sikiliza. Mimi naijua hii. Maji yakitaka kutoka yatatoka tu, hata uzibe vipi. Lakini si lazima yatokee kwako. Acha yatokee kwa jirani."

"Jirani ndiye anayeuliza."

Mzee akakuna goti. "Hilo nalo neno," akasema.

Siku mbili karatasi ikakaa chini ya godoro. Siku ya tatu, ambayo ndiyo ya mkaguzi, Mama Funguo aliamka mapema akasali kama alivyozoea. Alifika mahali anapoomba apewe riziki ya halali, ulimi ukagoma. Akarudi nyuma, akaanza upya, ukagoma palepale. Alipoinuka, mjukuu alikuwa ameshavaa sare, amesimama mezani, midomo mikavu, anakisukuma kikombe cha maji pembeni kwa kidole kimoja ili bibi asione.

Bibi aliona. Aliichukua karatasi chini ya godoro, akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na miwani.

Mkaguzi alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa mwisho, begi kubwa begani na viatu vyenye vumbi la stendi. Alimwamkia "Shikamoo mama" kabla ya kumwamkia karani, na Mama Funguo akaitikia. Karani akaonyesha picha tatu za miaka mitatu, zimechapwa vizuri kwenye karatasi ng'avu. Katika zote tatu Mama Funguo anacheka.

"Na taarifa ya mhudumu iko tayari," karani akasema. "Mama, ilete."

Aliileta. Mkaguzi akatazama ule mstari wa chini. "Mbona haijasainiwa?"

"Kwa sababu si kweli, mwanangu."

"Karatasi ilikaa siku ngapi?"

"Dakika kumi. Baadaye nikaifunika."

"Uliifunika?" Aliyeuliza safari hii alikuwa karani.

"Ulisema nishushe, bwana. Gundi yangu haishushiki. Nikawa nafunika."

Mkaguzi akaweka kalamu chini. "Na sasa hivi hizo karatasi ziko wapi, mama?"

"Ziko palepale. Zimelala."

Wakatoka kibarazani. Mama Funguo akafungua kufuli, akaleta maji ya moto kwenye beseni na kitambaa, akaanza kulowesha. Kazi hiyo haitaki haraka. Unalowesha, unasubiri, unaingiza ukucha pembeni, unavuta taratibu kama unayetoa bendeji kwenye kidonda cha mtoto. Watu waliokuwa wanapita barabarani wakaanza kusimama. Fundi cherehani alifika mbio, sindano bado imeshikizwa kifuani mwa blauzi.

Likatoka tangazo la chanjo ya mbwa, lenye muhuri na tarehe. Chini yake bajeti ya mwaka huu. Likatoka tangazo la mgao wa maji, chini yake bajeti ya mwaka jana. Likatoka la mapipa ya taka, chini yake ya mwaka juzi. Mkaguzi akawa anazitandaza sakafuni moja moja, na kando ya kila moja anaweka picha yake. Tarehe ya picha na tarehe ya tangazo lililoifunika ilikuwa ni moja, Ijumaa ileile, miaka yote mitatu.

Mama Funguo akatoa miwani mfukoni, akaivaa mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza akasoma alichokuwa akibandika. Mstari wa tisa, ujenzi wa matundu sita ya choo cha wasichana. Mwaka wa pili, mstari wa tisa, matundu sita. Mwaka wa tatu, matundu sita, na bei imepanda.

"Kumi na nane," fundi cherehani akasema kwa sauti. "Jamani, tuna vyoo kumi na vinane! Tatizo letu ni kwamba tumezoea kujisaidia kwenye tundu, hatujui kujisaidia kwenye karatasi."

Watu wakapasuka. Mama Funguo hakucheka. Alikuwa amesimama na kitambaa kinachotiririka maji mkononi, anafikiria wasichana mia mbili na kitu, kwa miaka mitatu, na ni mkono gani uliolaza mbwa na mapipa juu yao.

Karani alimsogelea. Hakuwa na hasira usoni. "Mama, mbona hukuniambia kwamba huzitoi?"

"Hukuniuliza, bwana."

"Ningekununulia pini," akasema polepole, kama mtu anayejisemea, akarudi chumbani kwake, akafunga mlango.

Ungedhani hadithi imeisha hapo kwa vigelegele. Maisha hayana haraka hiyo. Karani alihamishiwa mji mwingine, kwa cheo kilekile na mshahara uleule, na siku ya kuondoka alikuja kumuaga mzee kibarazani, wakashikana mikono muda mrefu. Uchunguzi, walisema, unaendelea. Choo kikaanza kujengwa. Kufikia mwisho wa muhula yalikuwa yamekamilika matundu manne, yote yana milango. Mjukuu akaanza kunywa nusu kikombe asubuhi. Kikombe kizima bado hajakiamini.

Na watu? Wiki ya kwanza walimsifu mpaka akaona aibu. Fundi alimshonea gauni bila malipo, na alipolikataa akalirusha juu ya ukuta, likaangukia kwenye ndoo ya maji. Wiki ya pili sifa zikapoa. Wiki ya tatu, dukani, baba mmoja mwenye mabinti wawili akamuuliza mbele ya watu, si kwa ukali, "Mama Funguo, tunashukuru. Lakini miaka mitatu yote hiyo, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napika gundi, baba," akajibu.

Hakuna aliyecheka. Akachukua sabuni yake, akaondoka. Njiani aliona kwamba mtu yule hakumkosea hata kidogo. Swali lilelile yeye amekuwa akijiuliza kila akisali, na Mungu, kwa rehema zake, hajamjibu bado.

Ilikuwa imebaki miezi kumi na mmoja barua ilipokuja. Ilisema kwamba kwa ajili ya kuboresha utendaji, mhudumu anahamishiwa soko la chini, kusafisha vyoo na kukusanya ushuru wa mlangoni, kuanzia Jumatatu. Soko la chini ni mabasi mawili kwenda na mabasi mawili kurudi, na ngazi arobaini za mawe. Mzee aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akasema, "Nilikwambia maji yatokee kwa jirani." Halafu akamtafutia dawa ya kuchua magoti.

Jumatatu asubuhi Mama Funguo alikwenda kwanza ofisini. Funguo alikuwa ameshazikabidhi tangu Ijumaa, na alipopita ukumbini hakuna aliyesikia hatua zake. Karani mpya alikuwa kijana mpole, bado anapanga kalamu zake mezani. Akainuka, akamwamkia, akamkaribisha kwenye kile kiti. Alikataa kukaa.

"Mama, ukisononeka nitaelewa," kijana akasema. "Lakini hayo ni maneno ya kawaida tu ya ofisi. Barua zote huandikwa hivyo. Kuboresha utendaji. Hayana maana mbaya."

"Utendaji wangu ulikuwa na kasoro gani, mwanangu?"

Kijana akafungua jalada lake, akalipitia kurasa zote ishirini na sita za miaka yake, kwa uaminifu kabisa. "Sioni kasoro, mama."

"Basi sababu ni ipi? Wewe unaijua?"

Kijana akatazama kalamu zake. Masikio yakamwiva. "Naijua," akasema kwa sauti ya chini.

Mama Funguo akaikunjua barua, akailaza mezani mbele yake, akainyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Sikatai kwenda sokoni, kazi ni kazi. Naomba tu barua hii muiandike upya, na muweke hiyo sababu unayoijua."